Mwanza, Jiji la Ziwa na Vyuo: Lilivyokua, Linavyoendeshwa, na Funzo Lake kwa Kata Yetu

Mkoa wetu wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa, wilayani Mbozi. Kwa umri wa mkoa, huo ni utoto. Hata hivyo, watu hawasubiri mkoa ukomae ndipo waongezeke. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi wapatao 97,000 katika Mji wa Tunduma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 219,000. Mji umekua zaidi ya maradufu ndani ya miaka kumi, na ukuaji wa aina hiyo haukomi kwenye mpaka wa mji. Huja vijijini kwa sura ya mnunuzi wa shamba, kijana anayetafuta kiwanja, na mistari ya nyumba mpya kando ya barabara.

Wananchi wa Kata ya Ruanda wanao wajibu wa kujua mambo hayo huishia wapi. Njia mojawapo ya kujua ni kutazama mji uliopita njia hiyo kabla yetu. Makala haya yanaeleza historia na huduma za Mwanza, jiji lililo kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, lenye vyuo vikuu, bandari, reli na hospitali ya rufaa ya kanda. Mwaka 1967 Mwanza ilikuwa na wakazi wapatao 35,000. Mwaka 1978 walifika takriban 110,000. Kwa maneno mengine, Tunduma ya leo ina watu karibu mara mbili ya Mwanza ya wakati huo. Mwaka 2022, wilaya mbili zinazounda jiji hilo, Nyamagana na Ilemela, zilihesabiwa kuwa na watu 1,104,521.

Mji uliozaliwa na bandari na pamba

Inaelezwa kwamba jina Mwanza limetokana na neno nyanza, ambalo kwa lugha za watu wa huko lina maana ya ziwa. Eneo lenyewe ni la Wasukuma, wakulima na wafugaji, na kabla ya ukoloni lilikuwa na uhusiano wa muda mrefu wa biashara na visiwa vya ziwani, hasa Ukerewe. Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa hilo karibu na Mwanza mwezi Agosti 1858, akaliita kwa jina la malkia wake. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa hilo tangu zamani.

Wajerumani waliweka kituo cha utawala hapo mwaka 1892. Walipendezwa na mambo mawili: ghuba iliyofaa kwa vyombo vya majini, na ardhi ya Usukuma iliyofaa kwa pamba. Mji wa mwanzo uliwekwa kwa ajili ya kukusanya mazao na kodi, si kwa ajili ya kuhudumia wakazi wengi. Mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza na kuuunganisha mji na Dar es Salaam. Tangu hapo mzigo kutoka Uganda, Bukoba na Musoma uliweza kuvushwa ziwani, ukapakiwa kwenye mabehewa na kufikishwa pwani ya Bahari ya Hindi.

Mji wetu jirani wa Tunduma umekuzwa na mambo yanayofanana na hayo: barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA na mpaka wa nchi. Mahali njia mbili zinapokutana, watu hukusanyika. Jambo hilo halihitaji kupangwa na mtu. Linalohitaji kupangwa ni namna watu hao watakavyoishi.

Mizani ya wakulima

Historia ya Mwanza haikuandikwa na serikali peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani na wanunuzi wa kati. Badala ya kuishia kwenye malalamiko, walianza kupima pamba yao wenyewe kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi, kisha wakaunda vyama vya msingi, na vyama hivyo vikaungana. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Shirikisho hilo lilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, nalo lilimiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba. Mrithi wake ni Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayeuza kupitia chama chake cha msingi anaielewa habari hii bila kufafanuliwa. Kwa historia ya mji, jambo la kukumbuka ni kwamba fedha ya pamba ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya biashara za Mwanza, na kwamba wakulima wa vijijini walikuwa na sauti ndani ya mji kwa sababu walikuwa na chombo chao.

Kutoka mji hadi jiji

Wananchi wengi hudhani kwamba hadhi ya jiji ndiyo inayoleta huduma. Mwenendo wa Mwanza unaonesha kwamba hadhi hufuata, haitangulii. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchini kote na kazi zake zikahamishiwa kwa mamlaka za mikoa na wilaya. Miji ilidhoofika: mitaro iliziba, barabara zikachimbika, na taka zikakosa wa kuzizoa. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili ambazo mpaka leo ndizo msingi wa serikali za mitaa: Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa mamlaka za miji. Mwanza ilipanda hadi kuwa manispaa, na mwaka 2000 ikapewa hadhi ya jiji. Mwaka 2012 eneo lake liligawanywa: Nyamagana ikabaki chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, na Ilemela ikawa manispaa inayojitegemea.

Jiji huendeshwa na Baraza la Madiwani kama ilivyo kwa wilaya yetu. Tofauti ni kwamba madiwani wa jiji humchagua Meya kutoka miongoni mwao, ilhali madiwani wa wilaya humchagua Mwenyekiti. Mkurugenzi, kwa pande zote mbili, ni mtendaji mkuu anayeteuliwa na Rais. Chini ya kata, jiji lina mitaa, nasi tuna vijiji na vitongoji.

Hapo kuna tofauti kubwa ambayo kila mwananchi wa Ruanda anapaswa kuielewa. Kijiji kina madaraka juu ya ardhi yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtaa hauna madaraka hayo. Kijiji kinapoingizwa kwenye mamlaka ya mji, halmashauri ya kijiji hukoma, na upangaji wa ardhi huhamia kwa mamlaka ya mji. Yale ambayo wanakijiji hawakuyatenga wakiwa na kauli, watayaomba baadaye wakiwa hawana.

Namna vyuo vilivyopata mahali pa kukaa

Kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, katika eneo la Nyegezi, Kanisa Katoliki lilifungua mwaka 1960 kituo kidogo cha mafunzo ya maendeleo ya jamii, wakati wa Askofu Joseph Blomjous. Hakuna aliyekiita chuo kikuu. Kilifundisha viongozi wa jamii, uhasibu, na baadaye uandishi wa habari. Lakini kilikuwa na eneo lake, lenye mipaka inayojulikana na nafasi ya kupanuka. Mwaka 1998, miaka 38 baadaye, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania, ambacho watu wengi hukiita SAUT.

Hospitali ya Bugando ina historia inayofanana na hiyo. Ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima cha Bugando, ikawa hospitali ya rufaa ya mikoa ya Kanda ya Ziwa. Kwa kuwa hospitali ilikuwepo, na wagonjwa na madaktari walikuwepo, mwaka 2003 kilianzishwa hapo chuo cha tiba, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi. Daktari anafundishwa palepale anapohudumia. Aidha, jiji lina Chuo cha Ualimu Butimba na chuo cha mafunzo ya uvuvi huko Nyegezi, kwenye ufuko wa ziwa ambalo wanafunzi wake wanalisoma.

Chuo hakiishii getini. Wanafunzi ambao mabweni hayawatoshi hupanga vyumba kwa wakazi wa jirani. Mama lishe, fundi cherehani, mwenye duka la kuchapa na kunakili karatasi, na dereva wa bodaboda wote hupata riziki. Vilevile kodi za vyumba hupanda, na maji na vyoo vya mtaa hubeba watu ambao havikujengewa. Kata inayopata chuo hupata neema na mzigo kwa pamoja.

Karibu nasi, Chuo cha Ufundi cha Mbeya kilipitia ngazi zake hadi mwaka 2012 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Huko nako, chuo kikuu kilikua kutoka kwenye taasisi iliyokuwepo na iliyokuwa na ardhi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama mahali fulani patapata chuo baada ya miaka 40, aulize kwanza kama leo pana shule ya sekondari yenye eneo la kutosha, lililopimwa, lisilovamiwa.

Maji yapo chini, watu wapo juu

Mwanza huitwa jiji la miamba. Mawe makubwa yamesimama juu ya vilima na hata ndani ya maji, likiwemo Jiwe la Bismarck linaloonekana kutoka ufukweni. Ni mandhari ya kupendeza, lakini ni ardhi ngumu kwa mji. Ardhi tambarare ilikuwa chache, nayo ilishikwa mapema na ofisi, maghala, reli na nyumba za wenye uwezo. Watu waliokuja baadaye kutafuta kazi walipanda vilimani. Katika maeneo kama Mabatini na Igogo, nyumba zilijengwa katikati ya mawe, moja juu ya nyingine, kabla ya mpimaji kufika.

Matokeo yake ni kwamba mji ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika ulipata taabu ya maji. Maji huvutwa ziwani, husafishwa katika mitambo ya Capri Point na Butimba, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani ndipo yashuke kwenye nyumba. Kila mita ya kupanda ni umeme, na umeme ni fedha. Bomba likitakiwa kupita mahali pasipo na njia, hupindishwa kati ya kuta za nyumba, na likipasuka ni vigumu kulifikia. Gari la zimamoto haliingii. Mgonjwa hubebwa mabegani hadi barabarani. Mvua kubwa huteremsha taka na maji ya vyoo hadi Mto Mirongo unaokatiza mjini, na mto huo huyapeleka ziwani, kulekule maji ya kunywa yanakotoka.

Mamlaka za jiji hazikukaa kimya. Kazi ya urasimishaji wa makazi imefanyika katika kata nyingi: wakazi hukubaliana mipaka, wapimaji huchora ramani, njia hutengwa, na wamiliki hupewa hati. Ni kazi njema, lakini hufanyika kwa gharama kubwa kuliko ambayo ingelipwa mwanzoni. Ili njia ya mita chache ipatikane, mwenye nyumba hukubali kukatwa ukuta, na pengine kuondolewa choo au jiko. Mahali ambapo eneo la shule halikuachwa, hutafutwa mbali au hununuliwa kwa fidia. Fedha ambayo ingejenga darasa hulipa ardhi ambayo zamani ilikuwa wazi.

Ziwa kama huduma, na ziwa kama hatari

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na linamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Uganda na Kenya. Kwa Mwanza ni barabara, ni shamba na ni kisima. Samaki aina ya sangara, aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni, alileta viwanda vya minofu katika miaka ya 1990, na minofu hiyo ikauzwa Ulaya. Soko la Mwaloni lililoko Kirumba hukusanya dagaa wanaosafirishwa mikoani na hadi nchi jirani, ikiwemo Kongo. Ajira hizo hutegemea samaki wasivuliwe wakiwa wachanga na maji yasichafuliwe.

Ziwa limeondoa pia uhai. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya abiria wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Abiria kuzidi uwezo wa chombo lilikuwa jambo lililotajwa katika misiba yote miwili. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, ambalo limeondoa ulazima wa kusubiri kivuko kwa wasafiri wa barabara ya Mwanza kwenda Geita. Huduma ya usafiri si ya mwendo tu; ni ya usalama, na usalama huanzia kwa anayehesabu abiria mlangoni.

Yanayoweza kufanywa na vijiji vyetu sasa

Kata ya Ruanda haina ziwa, wala haihitaji kuwa Mwanza. Lakini ina kitu ambacho vilima vya Mwanza vilikikosa: bado ina nafasi ya kupanga kabla ya kujenga. Hatua zifuatazo zipo ndani ya uwezo wa vijiji vyenyewe, kwa msaada wa wataalamu wa Halmashauri ya Wilaya.

Kwanza, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 inaelekeza namna ya kuuandaa. Mpango huonesha sehemu za makazi, kilimo, malisho, misitu, soko, makaburi, shule na zahanati. Huandaliwa kwa kushirikisha wanakijiji na hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria.

Pili, maeneo ya huduma yaandikwe na kuwekewa alama. Eneo la shule linalojulikana kwa midomo ya wazee peke yake hupotea wazee wanapoondoka. Uamuzi uwekwe kwenye muhtasari wa mkutano, usainiwe, na nakala zitunzwe katika ofisi ya kijiji na ya kata. Taasisi iombe kupimiwa eneo lake na kupatiwa hati.

Tatu, njia ziachwe kabla ya nyumba ya kwanza. Anayegawa shamba lake kuwa viwanja aache njia ya gari, si ya mguu. Mnunuzi asikubali kiwanja ambacho gari la wagonjwa haliwezi kukifikia.

Nne, vyanzo vya maji viheshimiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Mto ulioharibiwa na nyumba chache huadhibu kijiji kizima.

Tano, familia zipate Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Hati hiyo humlinda mjane na yatima dhidi ya mgogoro wa mipaka, na humpa mkulima nguvu anapozungumza na mnunuzi au mkopeshaji. Majina ya mume na mke yanaweza kuandikwa pamoja.

Kwa wazazi wenye vijana wa kwenda chuo

Kijana anayetarajia kusoma Mwanza, Mbeya au penginepo huomba nafasi moja kwa moja katika chuo anachokitaka, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mkopo huombwa kwa njia ya mtandao kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Kikwazo cha kawaida ni cheti cha kuzaliwa, ambacho hutakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA. Mzazi asisubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo aanze kukitafuta. Barua ya utambulisho na uthibitisho wa ukazi hupatikana kwa watendaji wa kijiji na kata.

Vijana hao watarudi siku moja wakiwa walimu, wauguzi, wahandisi na wapimaji. Swali la kata yetu ni kama watakapofika watakuta eneo la kujenga kituo cha afya, au watakuta mgogoro. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Katika mkutano ujao, mwananchi yeyote anaweza kusimama na kuuliza mambo matatu: eneo la shule yetu lina ukubwa gani, limeandikwa wapi, na ni nani ameiona ramani yake. Kijiji kinachoweza kuyajibu hayo matatu kimeshaanza kupanga mji wake.